Kila Jina Kubwa Lina Mama

Mwenyekiti wetu wa Tamasha la Magitaa alikuwa akiziba masikio kwa pamba. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu najua ndilo asilopenda lisemwe. Mtu aliyetutoa jasho miaka na miaka tulete Bukoba bendi zenye magitaa ya umeme, tena za roki, ule muziki wa kuwafanya kuku waache kutaga, ndiye huyo huyo aliyekaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, mguu juu ya mguu, pamba nyeupe zimechomoza kila upande wa kichwa. Siku moja nilimwinamia nikamuuliza, "Mwenyekiti, sasa unasikia nini?" Akanijibu bila kugeuka, "Katibu, roki inasikilizwa kwa kifua. Masikio nayatunza kwa ajili ya kwaya." Na mimi nilikuwa nimeuliza kwa sauti ya chini kabisa.

Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni watu wa Kaagya, watawaeleza mpaka mchoke. Mimi nilikuwa katibu wake tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri, na mwandiko ndio ulioniingiza kwenye kamati. Muziki wenyewe sikuwa na habari nao. Nilipomwambia hivyo siku ya kwanza alifurahi. "Vizuri sana," alisema. "Wapenda muziki hawaandiki mihtasari." Tangu siku hiyo hakuniita jina langu, na mimi sikumwita lake. Hata mke wake alimwita Mwenyekiti, ila yeye alilisema hilo neno kama mtu anayeita mbuzi atoke kwenye mahindi.

Tamasha letu lilikuwa siku mbili baada ya Krismasi. Hapo Wahaya wote wamesharudi nyumbani, kutoka Dar, Mwanza, Nairobi na kwingine, na magari yao na watoto wasiojua Kihaya, na wameshachoka kuulizwa na wajomba wataoa lini. Tulikodi kiwanja karibu na ziwa. Tulianza baada ya chakula cha mchana na kumaliza kabla ya giza, maana watu wa Muleba wana safari, na Mwenyekiti mwenyewe saa tatu usiku yuko kitandani hata nyumba iungue. Bendi zilikuwa tano au sita. Ile ya mwisho ndiyo yenye jina kubwa, na jina kubwa ndilo linalowatoa watu majumbani. Hizo nyingine watu wanazisikiliza huku wananunua mishikaki. Ndiyo maana kila mwaka, kuanzia Agosti, Mwenyekiti alikuwa na swali moja tu: nani atapanda jukwaani wa mwisho? Bila huyo, alisema, hilo si tamasha, ni kikao, na vikao Bukoba tunavyo vya kutosha.

Sasa sikilizeni jinsi alivyowapata. Wenzake wa Mwanza na Dar, watu wa kuandaa maonesho, hupiga simu kwa mameneja, hutumiana mikataba, hujadiliana wiki nzima. Mwenyekiti hakuwahi. "Meneja ni mtu wa kuajiriwa," alisema. "Kila jina kubwa lina mama." Na mama zao, au shangazi zao, au bibi zao, walikuwa hapa hapa kwetu, wamekaa kwenye vibanja vyao vya migomba wanamenya ndizi. Alikuwa na daftari la mama hao. Nilidhani ningekuta humo majina ya nyimbo na bendi. Nilikuta: "Mama wa mpiga besi, Kamachumu, ana kisukari, usipeleke sukari." "Shangazi wa mwimbaji, Kanyigo, hapendi kuharakishwa."

Mwezi wa Novemba, senene wakianza kuanguka, alikuwa akifunga kifurushi cha senene waliokaangwa, kitenge kimoja na paketi ya majani ya chai, anapanda basi. Mara mbili tatu alinichukua niwe shahidi. Tukifika anakataa kiti kizuri, anatafuta kigoda kifupi kuliko vyote, anakaa magoti yamefika kidevuni. Salamu peke yake zinachukua nusu saa. Kasinge waitu, habari za ndizi, habari za mnyauko wa migomba, habari za mchungaji mpya. Muziki hautajwi. Tunakula. Muziki bado hautajwi. Tunaonyeshwa kaburi la marehemu baba, tunasimama hapo kwa heshima. Halafu, wakati tumeshaaga, tumeshavuka uwanja, Mwenyekiti anageuka kama mtu aliyesahau kofia: "Mama waitu, hivi majirani zako hawa, wamewahi kumwona mtoto wako akifanya kazi yake? Maana Nairobi wanamwona. Dar wanamwona."

Basi, imekwisha. Mama anabaki kasimama pale na kifurushi mkononi, anawaza juu ya majirani. Kabla basi letu halijafika mjini ameshapiga simu. Jitu zima linalojaza viwanja linaambiwa na mama yake lije Desemba, nalo linaitika kwa Kihaya, "Ego, mama," ndiyo mama. Mameneja walimchukia Mwenyekiti, jamani! Mmoja alinipigia mimi, sauti inatetemeka kwa hasira, akaniuliza kama sisi tunajua biashara. Nikamwambia sisi tunajua watu.

Lakini msije mkadhani mambo yalikwenda sawa kila mara. Mwaka mmoja tulimwendea Mama wa Izigo. Huyu alikuwa mama wa yule mpiga gitaa la solo tuliyekuwa tukimwita Mpiga Solo tu, jina kubwa kuliko yote yaliyowahi kutoka wilaya ya Muleba. Mama alikubali, akapiga simu. Ila alikuwa mwanamke wa adabu za zamani. Aliona ni aibu kumwita mtoto nyumbani kwa ajili ya kazi, tena kazi ya gitaa. Kwa hiyo akasema tu, "Njoo nyumbani mapema. Usichelewe." Akakata.

Mpiga Solo aliteremka uwanja wa ndege wa Bukoba na suti nyeusi, kaka yake mkubwa na binamu yao ambaye ni muuguzi. Bendi hana. Gitaa hana. Amelia njia nzima. Anafika Izigo anamkuta mama yake juu ya ngazi anakata majani makavu ya migomba, anamwuliza mbona amekonda. Nilikuwepo kesho yake alipokuja mjini kumtafuta Mwenyekiti, nikajua leo tunapigwa. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mama mzima. Tumshukuru Mungu. Gitaa tunalo la kanisani."

Na kweli alipiga gitaa la kanisani, ngoma akapiga mpiga ngoma wa kwaya, na besi akapiga kijana wa fundi redio. Alipanda na ile suti nyeusi ya msiba kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Sijawahi kuona watu wakichanganyikiwa vile. Mama yake alisimama mbele kabisa, kitenge kipya, anawageukia majirani mmoja mmoja kuhakikisha wanatazama. Mwaka uliofuata bendi tatu za hapa hapa zilikuja na suti nyeusi na tai, zikidhani ndiyo mtindo wa Dar.

Hayo makanisa nayo yana mambo yake. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, anaimba besi, hachezi na liturujia. Alikuwa mkali mtu akichelewa ibada dakika tano. Halafu mtu huyo huyo Jumatatu anasimama kwenye duka la vifaa vya umeme mjini, duka la yule mzee wa Kihindi ambaye Kihaya chake kinatushinda wengine, wamewasha spika wanasikiliza roki ya kigeni mpaka vioo vinatikisika. Yule mzee wa duka ndiye aliyemfundisha roki tangu wakati wa kaseti. Ndugu zake wengi walishahama, yeye akabaki na duka na kaseti zake. "Nunua basi hata moja," alikuwa akimwambia. Mwenyekiti anajibu, "Bado naonja."

Kuonja ndiyo ilikuwa kazi yake. Kabla ya kustaafu alikuwa mwonjaji wa kahawa, wale wanaofyonza kwa kijiko kwa kelele, wanatikisa mdomoni, wanatema kwenye ndoo, wanasema hii imetoka wapi na mkulima aliianika vibaya lini. Na bendi alizipima hivyo hivyo. Bendi mpya ikija kuomba nafasi, anaisikiliza dakika moja, macho yamefumba, halafu anatoa neno moja. "Mbichi." Au, "Imeungua." Kuna bendi moja ya Karagwe aliiambia, "Ninyi mmeanikwa chini," na maskini wale vijana walirudi kwao wakijiuliza ni nini, mpaka mkulima mmoja alipowaeleza kwamba kahawa inayoanikwa chini inanuka udongo. Walirudi baada ya mwaka mmoja, wakapiga, akasema, "Sasa imeanikwa kwenye kichanja." Walifurahi kama wamepewa kombe.

Alichokuwa hataki kabisa ni msanii wa flashi. Mwajua, yule anayeshuka kwenye gari na miwani, anampa fundi mitambo flashi, anaruka ruka na kipaza sauti huku wimbo unajiimba wenyewe. "Huyo angeweza kuituma flashi kwa basi," alisema, "na yeye akabaki kwake akapumzika." Wajumbe walimwambia mara nyingi, Mwenyekiti, vijana ndio wanawataka hao. Wafadhili ndio wanawataka hao. Magitaa yanakufa, hata nchi za wenzetu matamasha makubwa ya roki yanafungwa kwa sababu majina makubwa ni wazee na wadogo hawajulikani. Alikuwa akisikiliza kwa upole, halafu anauliza ajenda inayofuata ni ipi. Kichwa kigumu, namwambia mtu waziwazi.

Ila hapo wajumbe walikuwa na haki, na yeye alijua. Tatizo halikuwa vijana peke yao. Tatizo lilikuwa kwenye lile daftari. Kila mwaka nilimwona akipiga mstari taratibu, kwa rula. Mama wa mpiga besi wa Kamachumu alifariki, na mpiga besi akaacha kuja. Alikuja mara moja kujenga kaburi kwa vigae, basi. Shangazi wa Kanyigo alichukuliwa na watoto kwenda kuishi Dar. Wale waliofuata, majina makubwa ya sasa, wamezaliwa Dar, mama zao wako Dar, ukienda na senene wanakuuliza wanaliwa na nini. Tukafika mahali ambapo mama mmoja tu alibaki na nguvu ya kumwita mtoto akaja, na huyo ni Mama wa Izigo. Mpiga Solo alifunga tamasha letu miaka minne mfululizo. Bango tulikuwa tunabadilisha mwaka tu. Watu wakaanza kusema, ah, ni yule yule, na kila Desemba viti vya nyuma vilibaki vitupu zaidi.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nitakuwa nimewaficha.

Mwenyekiti alikuwa akiwafundisha watoto wa kanisani gitaa, Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma kinachowekwa viti. Mmoja wao alikuwa binti yangu. Mimi mama yake nilidhani anajifunza nyimbo za kwaya. Alijifunza nyimbo za kwaya, na mengine. Alipofika chuo cha uuguzi, mwaka wa pili, akaacha, akaenda Nairobi na bendi ya roki, kichwa amekinyoa upande mmoja. Niliumia sana. Nilikuwa nimeshawaambia walimu wenzangu wote kwamba nasomesha muuguzi. Nilimpigia simu nikamwambia maneno mengi, ninayoyakumbuka yote, na la mwisho lilikuwa hili: "Ukirudi hapa nyumbani, usirudi na hilo gitaa."

Alitii. Hilo ndilo lililonimaliza. Krismasi mbili alikuja bila gitaa. Alimenya ndizi, alikwenda kanisani, alikaa nami tukala senene, tukaongea habari za jirani, na siku ya tamasha alibaki nyumbani akisema ana homa. Krismasi ya tatu hakuja. Akatuma fedha na salamu. Na huko Nairobi jina linakua. Wajumbe wakawa wananionyesha kwenye simu zao, umati wa watu, taa, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, na kuangalia pembeni kabla gitaa halijaanza.

Na Mwenyekiti? Hakuniambia neno. Mtu aliyekalia vigoda vya mama wote wa Kagera, mimi aliniruka. Tukikaa kupanga majina, akifika pale ambapo kila mjumbe anajua la kusema, anafungua ukurasa mwingine. Mwanzoni nilimshukuru. Baadaye, nisiwafiche, niliona kama dharau. Mimi sina kigoda? Mimi sistahili hata majani ya chai?

Mwaka jana Mama wa Izigo alifariki. Tulikwenda kuzika kamati nzima. Mvua ilinyesha, tukasimama kwenye migomba na miamvuli, na mjumbe mmoja akanong'ona kwamba Mpiga Solo yupo, na Desemba si mbali, Mwenyekiti amdokeze tu kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimgusa Mwenyekiti kiwiko. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Katibu," alisema, "leo huyu ni mtoto wa marehemu." Baada ya mazishi Mpiga Solo mwenyewe ndiye aliyetufuata tukiwa tunaondoka. Alimshika Mwenyekiti mikono miwili. "Mzee wangu," alisema, "sasa sina wa kuniita." Mwenyekiti hakumwambia mimi nitakuita, ingawa ndilo sote tulilokuwa tukilingoja. Alisema, "Pumzika, tata," kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume, baba. Na kwenye basi, kabla hatujafika mjini, alitoa daftari na rula, akapiga mstari.

Desemba hiyo alilegea akakubali njia ya mameneja. Kamati ilimpata msanii wa Dar, mwenye bendi kweli, siyo wa flashi. Ikaja orodha ya mahitaji, nikaisoma kikaoni. Taulo nyeupe kumi na mbili. "Anaoga mara ngapi?" Mwenyekiti aliuliza. Maji ya chupa ya aina fulani, na gari la vioo vyeusi. "Anakuja kutuona au anajificha?" Tulicheka mpaka machozi, na taulo tukazitafuta, mke wake mwenyewe akatoa nne za wageni. Wiki mbili kabla ya siku, meneja akaandika ujumbe mfupi: wamepata onesho jingine siku hiyo hiyo, samahani. Hakukuwa na wa kumlalamikia. Mama yake hatukumjua. Tamasha halikufanyika, watu walikuja kiwanjani wakakuta mbuzi, na wenye kiwanja wakatuambia kwamba mwaka huu tukikosa tena, wanakigeuza maegesho ya mabasi.

Basi ndipo nafika kwenye siku aliyokuja kwangu, mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi. Nilisikia bodaboda imesimama nje. Goti lake la kulia halikunji vizuri siku hizi, kwa hiyo kumshusha kulikuwa kazi ya watu wawili, na yeye anatoa maagizo kama mzigo unaojipakua wenyewe. Nilimtazama mikono kwanza. Sijui nilitazamia nini. Mikono ilikuwa mitupu, ila bahasha ya kamati kwapani.

Nilimpa kiti kizuri, akakaa kwenye kiti kizuri. Salamu hazikumaliza hata dakika tatu. Hapo nikajua kuna jambo.

"Katibu," alisema, "nimekuja uniandikie barua. Kamati imevunjwa. Andika vizuri, kwa ule mwandiko wako, wasije wakasema tulikimbia."

Nilikwenda kuchukua kalamu, nikarudi, nikakaa nayo mkononi. "Umewajaribu wote?"

"Wote."

"Hata wa Kampala?"

"Hata wa Kampala." Akaangalia ukutani, ambapo kuna picha ya binti yangu akiwa na sare ya shule. "Hata huyu. Nimempigia simu."

"Wewe? Umempigia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kama hao mameneja." Akaona aibu, mzee mzima, akashika goti. "Nilimwomba namba mzee wa duka, alikuwa nayo. Binti alifurahi kunisikia. Tuliongea karibu saa nzima. Ananipigia nyimbo zake huko kwenye simu, nami nimekaa nyuma ya nyumba, sina hata pamba." Alicheka kidogo. "Si mbichi, Katibu. Huyu ameiva. Nimeonja bendi maisha yangu yote, na huyu ameiva."

"Akasemaje? Anakuja?"

"Amesema mama yake alimwambia asirudi nyumbani na gitaa, na mpaka leo hajasikia amri nyingine."

Nilipandwa na hasira. Sikumkasirikia mtoto. Nilimkasirikia yeye. Nilimwambia, Mwenyekiti, umekwenda Kamachumu, umekwenda Kanyigo, umekwenda Izigo mara ngapi, kwa mabasi, na mvua, na hilo goti. Umekaa kwenye vigoda vya wanawake usiowajua. Mimi nyumba yangu unaijua, chai yangu unaijua, miaka yote hii unaniruka, unakuja kupiga simu kwa mtoto wangu kwa mlango wa nyuma! Kwa nini hukuja kwangu kama ulivyokwenda kwa wengine?

Alinisubiri nimalize. Alikuwa hodari wa kusubiri.

"Wale mama," alisema, "walikuwa na hamu ya kuwaona watoto wao wakipiga. Sikuwalazimisha hata mmoja. Mimi nilikuwa nawapa kisingizio tu. Wewe hukuwa na hamu hiyo. Ningekuja na senene wangu, ungekubali kwa heshima yangu, ungemwita. Angekuja, angepanda jukwaani, angetazama mbele amtafute mama yake, na wewe ungekuwa umeshaondoka. Nisingeweza kumfanyia mtoto hivyo kwa ajili ya tamasha."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli, ningeondoka. Ningesema nina kuku wa kufungia.

Tulikaa. Chai ilipoa. Nilimtazama yule mzee, suti yake ya kijivu imechakaa kwenye viwiko, amekuja kuvunja kitu alichokipenda kuliko vyote ili asiniombe, na moyo wangu ukauma vibaya, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mtoto aliyemenya ndizi zangu Krismasi mbili bila kusema neno. Nikaweka kalamu chini, nikachukua simu. Ilibidi nilitafute jina mara mbili.

Alipokea upesi. Nilimsalimu, akanisalimu. Sikuzungushia maneno, mimi si Mwenyekiti. Nilimwambia, "Nilisema vibaya. Njoo Desemba, na uje na gitaa. Njoo na hiyo bendi yako yote, watalala hapa kwangu."

Nilisikia watu nyuma yake, na gari.

"Unataka nipige nyimbo gani, mama?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Katibu wa Tamasha la Magitaa, miaka yote hiyo, mihtasari kabati zima, na wimbo wa mtoto wangu siujui hata mmoja. Ningeweza kumgeukia Mwenyekiti aninong'oneze. Alikuwa ameshainama mbele, anazijua zote. Sikumgeukia.

"Sijui hata mmoja, mwanangu," nilisema, na hapo nikaanza kulia. "Zipige zote."

Alikuwa analia naye, nilimsikia akivuta pua kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Halafu akakohoa kidogo, sauti ikawa ya mtu mzima, mtu wa kazi.

"Mwambie Mwenyekiti aniweke wa mwisho," alisema. "Na wewe ukae mpaka nimalize."

Nikamwambia nitakaa.